Mbio za Magari na Alasiri ya Baba

Mnapenda kunicheka kwamba mtu akiniambia tuonane baada ya Alasiri mimi humuuliza, "Alasiri ya wapi?", na juzi pale hotelini mlicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kuna nini, basi leo nitawaambia, ingawa ni aibu niliyoibeba kwa muda mrefu na sikuwa na haja ya kuitua mbele ya watu, maana si aibu ya kuteleza sokoni au kuchanika suruali msikitini (hizo ninazo pia, na zilishapona). Hii haijapona vizuri. Nikiisimulia watu hucheka katikati, nami hucheka nao, halafu tunafika mwisho na hakuna anayecheka tena.

Ni ya siku zile ambazo simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia Garissa, na bulla yetu, yaani mtaa wetu, nzima ilitegemea simu moja ya waya, ya Adeer Shueb. Huyu ni ami yangu, mdogo wake baba, mfanyabiashara wa ng'ombe, na sisi tulikuwa tukikaa kwake, mimi, Hooyo mama yetu, na dada yangu Hamdi, kwa sababu baba mwenyewe alikuwa Uarabuni akilinda ghala bandarini. Simu ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kutoka pale ulitoka waya mwingine ukafuata ukuta hadi chumba cha karibu na lango, ambacho Adeer alikiita ofisi. Humo mlikuwa na kompyuta. Aliinunua ili awaandikie wanunuzi wake wa Nairobi na Mombasa, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi kwa muda mfupi sana (mfupi kuliko nilivyowaambia nyumbani), nikawekwa hapo kuwa mtu wa mitambo.

Mtu wa mitambo alikuwa na ugonjwa wake. Wengine walikuwa na miraa, wengine kandanda, mimi nilikuwa na mbio za magari, zile za kwenye kompyuta, za kushindana na watu wa nchi nyingine kupitia waya wa simu, na nilikuwa nimenunua Islii, kulekule Nairobi, usukani wa plastiki uliotumika, nimeufunga mezani kwa kamba ya katani. Ukitaka kuingia kwenye mbio unaiambia kompyuta ipige simu, inapiga, inapata laini inatumika, inapiga tena, ikibahatika inaanza kulia na kukoroma kama ngamia anayekataa mzigo, kisha kimya, umeingia. Tangu hapo dakika zinahesabiwa, za simu upande mmoja na za intaneti upande mwingine, na kwa umbali wetu gari la mwenzako linaweza kuwa mbele yako, ukipepesa macho liko nyuma, ukipepesa tena liko juu ya paa lako. Katika maisha yangu yote ya udereva ule nafasi yangu nzuri ilikuwa ya pili, kutoka mwisho.

Lakini kwenye kubana matumizi nilikuwa bingwa, wallahi. Sikuingia kabla ya kuandaa kila kitu, gari, rangi, magurudumu, laini ikiwa bado imekatwa. Nilichagua njia fupi. Wenzangu wakiniandikia salamu sikuwajibu, kwa kuwa salamu nayo ni dakika (walidhani nina kiburi, mimi mtoto wa watu ambao salamu zao hazimaliziki mpaka uulizwe hali ya mbuzi). Niliingia Jumamosi mchana tu, bei ya simu ikishashuka. Zaidi ya yote, sikumsubiri mtu kwenye laini. Tulikuwa wanne, jamaa mmoja wa Malesia, mwanafunzi wa Uingereza, na mzee wa Nyuzilandi ambaye hakuwa na usingizi, na mimi ndiye niliyepanga saa, maana nilizijua saa za kila mmoja kichwani kama Fatiha. Nilijua kwamba kwetu kukiwa mchana, yule wa Malesia jua limeshamzamia na ameshakula, yule mwanafunzi ndiyo kwanza anaamka, na yule mzee mke wake ameshalala. Hata Adeer, aliyekuwa akilipa bili na kunung'unika, aliwahi kuwaambia wageni wake kwamba huyu Abdinasir ana akili ya kubana matumizi. Nilivimba kichwa.

Basi dada yangu Hamdi akaposwa. Mwanamume alikuwa Yusuf, mwalimu wa Balambala, mpole, na sisi sote tulimpenda. Mambo yote yalikubaliwa, likabaki moja, kwamba baba ndiye walii wake, wa kumwozesha, na baba yuko mbali. Angeweza kutuma wakala tangu mapema, watu hufanya hivyo, lakini baba alikataa. Alituma neno na mtu aliyekuja likizo kwamba atapiga simu mwenyewe Jumamosi, sheikh na mashahidi wamsikie, na bintiye amsikie. "Nitasali Alasiri, nikitoka msikitini nitapiga," ndivyo alivyosema. Hakuwa na simu yake, alikuwa akienda kwenye kibanda cha kulipia, na baada ya hapo anaingia zamu mpaka asubuhi. Hamdi alikuwa hajasikia sauti ya baba tangu alipoondoka. Wiki ile nzima alikuwa akiipangusa ile simu vumbi, hata mahali ambapo halikuwepo.

Mimi nilipewa kazi moja. Wengine walichinja, wengine walileta mikeka, wengine walitumwa mjini kufuata barafu. Adeer aliniita akanishika bega, akasema, "Waryaa, kijana, wewe ni simu tu. Hakikisha iko sawa, hakuna anayeigusa." Kazi ya mtu kukaa kivulini.

Wageni wa Balambala walifika mapema kuliko tulivyotazamia, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa juu na waliogopa lagha, ile mito mikavu ya njiani, zingejaa wakashindwa kurudi. Wazee saba na Yusuf mwenyewe, wakiongozwa na ami yake, Mzee Dakane, mtu mrefu mkimya ambaye ukimsalimia anakutazama kwanza. Tukasali Adhuhuri, tukala, wakaegemea mito. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ni Jumamosi, bei imeshashuka, na wale watatu wamekaa mbele ya kompyuta zao kwa saa niliyowapangia mimi mwenyewe.

Nilijiambia hivi (nakumbuka kila neno, kwa kuwa nimeyarudia mara nyingi tangu siku ile): baba atapiga baada ya Alasiri, Alasiri bado, mwadhini mwenyewe yuko sebuleni anajichokoa meno, na simu ambayo haitumiki kwa muda huu wote ni kitu kinachokaa bure. Mbio moja tu. Nikaingia ofisini, nikarudishia mlango.

Mbio ya kwanza nilikuwa wa mwisho. Sasa hapo mtu mwenye busara angekata, lakini yule bingwa wa kubana matumizi ndani yangu akasema, kukata ni hasara, laini imeshapatikana kwa taabu, ukikata leo hutaipata tena mpaka Jumamosi nyingine, na mwadhini bado hajainuka. Nikaendelea. Na ya pili, sijui ni mawingu, sijui ni nini, wenzangu wakaanza kugongana kwenye kona ya kwanza, nikapita katikati yao, na kwa mara ya kwanza tangu niujue mchezo ule mbele yangu hapakuwa na gari, ni barabara tupu. Nilisahau harusi, nilisahau jina langu. Nililala upande kwenye kona kama mtu aliye kwenye gari la kweli, nikawa napiga kelele, "Pisha! Pisha!", ingawa hapakuwa na wa kumpisha.

Huko sebuleni, nikaja kuambiwa baadaye, sheikh alisema kabla hatujaenda kusali afadhali tuijaribu hii simu, isije ikatuaibisha. Adeer akaona fahari, simu yake ilikuwa na kipaza sauti, akamwambia sheikh abonyeze mwenyewe, wazee wote wasikie. Sheikh akabonyeza. Kikatoka kile kikoromo, mbele ya wazee saba wa Balambala, mbele ya mahari na halwa, na mmoja akasema "A'udhu billahi" akavuta miguu yake kutoka karibu na meza. Mwingine akasema mvua imeingia kwenye waya. Adeer akasema haiwezekani, akaanza kuufuata waya ukutani, sheikh nyuma yake, Mzee Dakane nyuma ya sheikh, na wengine nyuma ya Mzee Dakane, mstari mmoja wakikagua waya kama watu wanaotafuta nyayo za fisi, hadi mlangoni kwangu.

Mimi nilichojua ni kwamba gari langu limesimama. Barabara imesimama, mawingu ya kwenye kioo yamesimama, laini imekatika, na hiyo hutokea mtu akiinua simu ya sebuleni. Nikasikia mlango nyuma yangu, nikadhani ni mmoja wa binamu zangu, nikasema bila kugeuka, kwa sauti ya kufika Balambala, "Mjinga gani ameinua ile simu?"

"Ni mimi," akasema sheikh.

Niligeuka na usukani ukiwa bado mkononi, kwa kuwa kamba ilikuwa imekatika. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Adeer alikuwa amefumba macho. Mzee Dakane akapita katikati yao, akainama, akaitazama kompyuta kwa muda.

"Hili gari lilikuwa likienda wapi?" akaniuliza.

"Linazunguka tu, mzee."

"Linazunguka likifika wapi?"

"Linarudi pale lilipotoka."

Akanitazama mimi, akautazama usukani. "Na hili linalipiwa?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa polepole. Wakacheka, wote, hata sheikh, hata Adeer baada ya kunifinya sikio (nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu), na Yusuf aliyekuwa ugenini na haya zake alilazimika kutoka nje. Hata mimi nilicheka. Nilidhani aibu imekwisha, nimeshalipa. Mwadhini akainuka akaenda kuadhini, tukasali, tukarudi tukakaa kuizunguka simu, nami nikakaa mbali kabisa, karibu na viatu.

Simu haikulia.

Hamdi alikuwa nyuma ya pazia pamoja na Hooyo na shangazi zetu, na pazia lile lilikuwa fupi, kwa hiyo kutoka pale kwenye viatu niliiona miguu yake yenye hina, imesimama karibu kabisa na meza ya simu. Tulingoja. Chai ikaletwa, ikanywewa. Adeer akainua simu kuhakikisha, laini ilikuwa safi, akaiweka. Tukangoja tena. Ngurumo ikasikika mbali, upande wa mto, na wazee wa Balambala wakaanza kutazamana. Mmoja akasema mzee wa miaka yake hawezi kulala barabarani. Mwingine akasema, kwa adabu, kwamba labda baba wa binti ana jambo moyoni ambalo hakutuambia. Adeer akaapa kwamba sivyo. Mzee Dakane akasema maneno ambayo sitayasahau. "Shueb, sisi hatugombani na mtu. Lakini mtu aliyeahidi kusema akanyamaza, kimya chake nacho ni jibu. Tutalichukua hilo jibu twende nalo kabla ya mvua."

Wakaanza kukunja shuka zao. Nyuma ya pazia hakuna aliyelia, na ingekuwa heri wangelia. Ile miguu ya Hamdi ilibaki palepale.

Ndipo mtu akabisha langoni. Alikuwa karani wa hawala, yule kijana wa ofisi ya kutuma pesa mjini, anahema, na pamoja naye mkulima mmoja Mpokomo wa kando ya mto, Mwislamu, ambaye hatukumjua kabisa, ameshika mfuko mtupu wa maembe. Karani akasalimia, akasema amechelewa kwa sababu alipotupigia alikuta laini inatumika, akaacha kupiga, na hakuweza kuiacha ofisi mpaka tajiri wake arudi. Kisha akasema, "Abdinasir, ile simu yenu ilikuwa na nani?"

Adeer akamvuta ndani, akamwambia aeleze.

Akaeleza. Baba alisali Alasiri, akatoka msikitini, akaenda kibandani, akapiga. Laini inatumika. Akapiga tena, inatumika. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wafanyakazi wengine, wakamvumilia, halafu wakachoka, wakamwomba apishe, akazunguka akapanga foleni upya kutoka mwisho. Akapiga, inatumika. Zamu yake ikakaribia, akakimbia hadi kwenye ofisi ya hawala ya huko, akawasihi wampigie mwenzao wa Garissa kwa laini yao, akamwambia karani atafute Mwislamu yeyote aliye karibu ili wawe wawili, wamsikie. Aliyekuwa karibu ni huyu mkulima, aliyekuja kuchukua pesa za maembe yake. Mbele yao baba akasema anamwakilisha mdogo wake Shueb amwozeshe Hamdi kwa Yusuf, kwa mahari iliyokubaliwa, na yuko radhi. Kisha akaenda kazini.

"Lakini Alasiri ndiyo kwanza tumeisali," alisema Adeer.

Sheikh alikuwa ameinamisha kichwa. "Hiyo ni yetu," akasema. "Ya kwake ilitangulia. Wako mashariki yetu, jua linaanzia kwao, Shueb. Na sisi sote tumekaa hapa, hakuna aliyefikiria."

Hapo walinigeukia. Na hiyo ndiyo aibu ninayowaambia, si ile ya usukani. Kwa sababu wale wazee walikuwa na udhuru wao, wao wanalijua jua la hapa. Mimi nilijua jua la Malesia. Nilijua mzee wa Nyuzilandi mke wake analala wakati gani, nilipanga saa za watu ambao sijui hata sura zao ili nisipoteze dakika moja, na baba yangu mzazi sikuwahi kujiuliza kwake ni saa ngapi.

Mzee Dakane alimgeukia yule mkulima, akamuuliza kwa Kiswahili chake. "Wewe nasikia yeye? Kwa masikio yako?"

"Nimemsikia, mzee."

"Sauti yake iko namna gani? Ya mtu nafurahi ama ya mtu nakasirika?"

Mkulima akafikiri. "Ya mtu aliyekimbia," akasema. "Alikuwa akihema. Alimtaja binti kwa jina mara mbili, ya pili polepole, kama anatuomba tusilisahau."

Mzee Dakane akakaa. Akakunjua shuka yake akaiweka chini. "Bas," akasema. "Huyo si mtu amenyamaza."

Nikaha ikafungwa, Adeer akasema maneno mahali pa baba, yale ambayo baba alikuwa amejiandaa kuyasema tangu alipopata habari, na karani na muuza maembe wakashuhudia, wakapewa halwa. Wageni waliondoka na bibi harusi matone ya kwanza yakianguka. Alipopita karibu na viatu Hamdi alisimama, nikainua uso nikitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Hakunikemea. Alisema tu, "Walaal, ndugu yangu, muuza maembe amemsikia baba," akaendelea.

Usukani niliuvunja kesho yake na Hooyo akaokoa kamba, akafungia mbuzi. Sikushindana tena. Siku hizi simu ziko mifukoni, vifurushi bei rahisi, vijana wa hapa wanakimbizana na magari usiku kucha kwa bei ya soda, na wakinikaribisha nakataa, wananiona mzee wa kale. Na Waswahili husema rahisi ghali. Ile Jumamosi ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote.

Baba alirudi baadaye, amekonda, na mvi ambazo hakuondoka nazo. Hakuna aliyekuwa amemwambia, Adeer alitukataza, alisema tumwache mtu apumzike. Alikaa sebuleni siku ya pili, anaitazama ile simu, na mimi nilikuwa nikimmiminia chai.

"Siku ile ya Hamdi," akasema, "mlikuwa mkiongea na nani?"

Nikaweka birika chini. Nikamwambia yote, mbio, bei ya Jumamosi, barabara tupu mbele yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilingoja kibao, kwa kweli nilikitamani.

Baba akachukua kikombe chake, akapuliza chai.

"Ulishinda?" akaniuliza.

"Hapana, aabo," nikamwambia. "Simu ilikatika."